Alama Zisizojulikana Nyumbani

Mtoto kiziwi akigeuza uso, somo limekwisha. Huwezi kumwita kwa sauti arudi. Unagonga meza kwa kiganja ili mtikisiko umfikie, au unamgusa bega, au unakwenda kusimama mbele ya dirisha analolitazama. Nimefanya kazi hiyo kwa zaidi ya nusu ya umri wangu, katika shule ndogo ya viziwi huku Kamenge, mtaa wa kaskazini mwa mji, na kwa miaka mingi niliamini kwamba mwalimu mzuri ni yule ambaye watoto hawamgeuzii uso. Imani hiyo ndiyo iliyonifanya nichague nilivyochagua.

Sikuwa nimejiandaa kwa kazi hii. Nilikulia mtaa wa Buyenzi, kwa baba aliyeuza vitambaa, nikasomea ualimu wa shule za kawaida, nikaletwa hapa kushika nafasi ya mwalimu aliyekuwa na likizo ya uzazi. Yeye hakurudi, nami sikuondoka. Aliyenifundisha kuongea kwa mikono ni mwenzangu mmoja, mwanamke aliyenizidi umri, kiziwi tangu utotoni kwa sababu ya homa. Yeye anafundisha ushonaji. Alama nyingi za shule yetu zimetoka kwake na kwa watoto wa mwanzo kabisa, wale ambao sasa ni watu wazima wenye watoto wao. Hakuna kitabu kilichoziandika. Maumivu, kwa mfano, kwetu yalikuwa ni kufunga ngumi na kuisokota pale panapouma, kama mtu anayekamua nguo. Ukimwona mtoto anakamua kichwa chake, unajua.

Kila Jumamosi mwenzangu alikuwa akiwafundisha wazazi. Watoto wetu wengi hulala shuleni na kurudi kwao wakati wa likizo tu, kwa hiyo mzazi asipojifunza, mtoto akifika nyumbani anakuwa mgeni. Walikuja akina mama zaidi, na vitenge vyao vya kanisani, wakakaa kwenye chumba cha cherehani, wakajifunza maji, chakula, maumivu, woga, choo, baba, mama. Wengine walikuwa wagumu wa vidole, wakachekana. Mimi nilikuwa natafsiri kwa sauti pale walipokwama.

Kisha shirika moja likaahidi kutupatia vifaa vya kidijitali vya kufundishia. Direkteri wetu, mkuu wa shule, akaniita ofisini kwake, akanipa karatasi.

"Madamu, we ndiye unawajua hawa batoto," aliniambia. "Kuna vitu vitatu. Chagua kimoja. Lakini uchague mbio, kwa sababu wale wanataka jibu mbele ya mwisho wa mwezi."

Kitu cha kwanza kilikuwa projekta na filamu zenye maandishi chini. Hicho nilikikata mapema, kwa kuwa umeme kwetu ni wa kubahatisha na watoto wadogo hawakuwa wanajua kusoma. Cha pili kilikuwa simu mbili nzuri za kurekodi na kompyuta, ili tujirekodi wenyewe tukifanya alama zetu, kisha wazazi watumiwe video kwenye simu zao. Cha tatu kilikuwa tableti, moja kwa kila watoto wawili, zikiwa na programu iliyokwisha tengenezwa: mchezo wenye kikatuni kinachofundisha alama. Programu ilitengenezwa mbali, na alama zake zilikuwa za huko ilikotengenezwa. Tableti hazikuhitaji intaneti, na chaji yake ilidumu siku nzima.

Karatasi ilikuwa na maswali ya kujibu kwa kila kifaa. Je, ni rahisi kutumia? Je, kinawavutia wanafunzi? Je, mwanafunzi anaweza kuendelea peke yake bila mwalimu? Nilikaa nayo siku mbili. Nilimwonyesha mwenzangu, naye akaweka kidole kwenye kifaa cha pili bila kusita. "Hiki," alisema. "Mikono yetu." Nikamjibu kwamba kurekodi kutachukua mwaka mzima, kwamba hakuna kati yetu anayejua kukata video, kwamba wazazi wengi wana simu za vitufe ambazo hazionyeshi chochote. Yote hayo yalikuwa kweli.

Watu wa shirika wakaleta tableti chache kwa majaribio ya asubuhi moja. Nazikumbuka saa zile vizuri. Tulizisambaza kwenye meza, kile kikatuni kikatokea, mwanamume mdogo wa rangi ya buluu mwenye mikono mikubwa ya njano, akafanya alama, na kila mtoto alipochagua picha sahihi, nyota zikamwagika kwenye kioo. Darasa langu lilikaa kimya kwa namna ambayo sijawahi kuiona. Watu hudhani darasa la viziwi ni kimya. Si kweli: viti vinaburutwa, miguu inapigwa chini, wanacheka kwa sauti wasizozijua. Siku hiyo hakuna kiti kilichoburutwa.

Katika darasa hilo kulikuwa na msichana wa miaka tisa kutoka Buterere, bondeni pembezoni mwa mji. Mama yake alilima mpunga kwenye mashamba ya watu na kuuza mboga. Mtoto huyo alikuwa ameletwa kwetu akiwa na miaka sita, hana alama hata moja zaidi ya zile za nyumbani kwao, na tangu siku ya kwanza hakuwahi kukaa kwenye kiti kwa dakika tano mfululizo. Alikuwa mwepesi, mtundu, anapenda kubishana nami, na alinipenda. Yeye ndiye aliyenipa jina langu. Kwetu kila mtu ana jina la mikono, na ni watoto ndio wanaolitoa. Langu lilikuwa kidole kimoja kugusa shavu mara mbili, kwa sababu nina vishimo mashavuni nikicheka. Asubuhi ile ya majaribio uji uliletwa, ukapoa mbele yake. Hakuuona. Alikuwa ameinamia tableti, mikono yake midogo ikifuata mikono ya njano.

Mwenzangu alikuja kusimama mlangoni, akatazama kikatuni kwa muda. Kisha akanigusa bega. "Mikono hii ni ya nani?" aliniuliza.

"Ya mchezo tu," nilimjibu. "Angalia watoto."

Alitazama watoto, akarudi kwenye cherehani zake. Jioni ileile niliandika kifaa cha tatu.

Tableti zikaja. Kwa miezi ya kwanza sikuwa na majuto yoyote, na sitaki kusema uongo sasa kwamba nilikuwa nayo. Watoto walikimbilia darasani. Walijifunza majina ya wanyama ambao hawajawahi kuwaona. Msichana wa Buterere alipanda ngazi za mchezo kuliko wote, akawa anawafundisha wakubwa. Lakini alama za tableti na alama za shule hazikufanana, na tulikuwa na vurugu: mtoto mmoja anasema maji hivi, mwingine vile. Mkufunzi wa shirika alituambia tuchague mfumo mmoja, kwa sababu kuchanganya kunamchelewesha mtoto. Nikachagua tena. Niliwaambia watoto kwamba alama za zamani ni za kuchezea uani, za darasani ni za tableti. Aliyetumia ya zamani nilimshika mikono na kuirekebisha. Msichana yule nilimrekebisha mara nyingi, kwa kuwa alikuwa wa kwanza kuinua mkono. Nakumbuka vifundo vya vidole vyake ndani ya mikono yangu.

Siku moja mwenzangu alikuja darasani kuomba uzi, akamuuliza mtoto huyo kama tumbo lake limepona, maana alikuwa ameharisha. Alikamua tumbo kwa ngumi, kama tulivyozoea. Mtoto akatikisa kichwa kwa uvumilivu, kama mwalimu mdogo, akamwonyesha: si hivyo. Akaelekeza vidole vyake viwili vya shahada, ncha kwa ncha, akavisogeza vikaribiane, vikaachana, vikakaribiana tena. Hivyo ndivyo tableti ilivyosema maumivu. Mwenzangu alinitazama. Mimi nilikuwa natabasamu, kwa sababu mtoto alikuwa amekumbuka.

Masomo ya wazazi yalikufa bila mtu kuyaua. Mkufunzi alikuwa na nafasi ya kutufundisha Jumamosi tu, na chumba cha cherehani ndicho chenye soketi nyingi. Tukasema tutayaahirisha kwa wiki chache. Baadaye mafuta yakakosekana mjini, mabasi yakawa machache, watu wakawa wanatembea, na hakuna aliyeuliza tena habari za Jumamosi.

Isipokuwa mama wa Buterere. Alikuja Jumamosi moja kwa miguu, viatu mkononi, matope mpaka kwenye magoti. Sisi tulikuwa ndani na mkufunzi. Mlinzi akaniita, nikaenda mpaka getini.

"Mama, leo hakuna masomo ya wazazi," nilimwambia. "Lakini mtoto anaendelea vizuri sana. Sasa anasoma kwenye tableti. Ndiye wa kwanza."

Uso wake ulifunguka. "Iko anajua kuliko sisi?"

"Anajua mengi, mama."

"Asante, madamu. Mungu akubariki." Alikaa na mtoto wake chini ya ukuta kwa muda, wakashikana mikono, wakala karanga. Kisha akarudi zake Buterere. Ningeweza kumwonyesha alama kumi pale pale getini. Ingenichukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Mkufunzi alikuwa ananingoja.

Likizo ya Pasaka iliangukia kwenye mvua nzito. Buterere maji yaliingia majumbani kama yanavyoingia karibu kila mwaka. Shule ilipofunguliwa, kitanda cha msichana yule kilikuwa kitupu, na hatukushangaa, kwa kuwa watoto wa kule huchelewa kurudi mpaka njia zikauke. Siku ya tatu direkteri aliingia darasani kwangu katikati ya somo, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo, akaniomba nitoke nje.

"Mutoto wa Buterere amefariki," alisema. "Jirani yao amepiga simu. Walishamuzika."

Sikumbuki niliyoyasema. Nakumbuka nilirudi ndani, na watoto wakaniuliza kwa mikono yote kumi na mingapi ni nini, ni nini, na nikawaambia kwa alama ya tableti, kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nimewafundisha. Kifo katika mchezo ule kilikuwa ni viganja viwili vinavyogeuka pamoja, kimoja juu kimoja chini. Wadogo walidhani nazungumzia chapati.

Baada ya wiki moja mama yake alikuja kuchukua vitu vya mtoto. Vilikuwa vichache: sanduku la bati, blanketi, kandambili. Nilimpeleka kwenye chumba cha cherehani kwa sababu kilikuwa kitupu. Mwenzangu alikuwa humo peke yake akikata kitambaa. Alimwona mama, akaweka mkasi chini, akaja kumshika mikono yote miwili. Mama akakaa kwenye benchi, sanduku magotini. Mimi nilianza maneno ya pole, yeye akanikatiza.

"Madamu, mi sikukuja kugombana. Niko na kitu kimoja nataka unisaidie." Aligusa paji la uso wake. "Mutoto alisema vitu. Mi sikusikia. Lakini nilivishika hapa, nisivisahau. Nitavifanya, na we uniambie vilikuwa vinasema nini."

Nilitaka kumwambia apumzike kwanza, anywe maji. Alikuwa ameshainua mikono.

Akaelekeza vidole vyake viwili, ncha kwa ncha, mbele ya tumbo. Akavisogeza vikaribiane, akavitenga, akavisogeza tena.

"Hivi," alisema. "Siku ya kwanza, asubuhi mpaka jioni. Hivi, hivi, hivi. Kwetu hivi ni watu wanagombana. Yeye na mutoto wa jirani walikuwa wanapiganaka kila siku. Nikasema, ni ule mutoto tena. Nikamwambia, muache. Akanifanyia tena mbele ya uso. Nikaona ananidharau." Alishusha mikono. "Nilimuchapa, madamu. Ilikuwa inasema nini?"

Nilimwambia. Sikuona njia nyingine. "Ilikuwa inasema, inauma. Ni alama ya tableti."

"Kuumwa?"

"Ndiyo, mama. Tumbo linauma."

Hakulia. Alifunga ngumi yake ya kulia, akaiweka juu ya tumbo lake mwenyewe, akaisokota, polepole, sawasawa kabisa kama mwenzangu alivyokuwa amemfundisha Jumamosi za zamani.

"Kuumwa mulitufundisha ni hivi," alisema. "Mi nilikuwa nangojea afanye hivi. Niliona yuko na joto, nikamuangalia mikono. Nikasema, kama anaumwa, atafanya hivi. Hakufanya."

Mwenzangu, ambaye hakusikia hata neno moja, aliona ngumi ile. Aliona pia vidole viwili vilivyoitangulia. Akageuka akatazama ukuta.

Mama akaendelea. Siku ya pili, alisema, mtoto alikuwa anapitisha kidole kooni, kutoka chini ya kidevu kwenda chini. Alifanya hivyo mara nyingi mbele ya uso wa mama yake. "Jana yake jioni tulikula samaki. Nikazania mwiba umemukwama. Nikampa matonge ya ugali ameze, uteremuke. Akakataa. Nikamulazimisha."

"Alikuwa na kiu," nilisema. "Alikuwa anaomba maji, kwa alama ya tableti."

"Maji," alirudia. "Maji yalikuwa kila mahali."

Usiku wa kuamkia siku ya tatu maumivu yalionekana kupungua, mtoto akalala, mama akamshukuru Mungu. Kulipokucha tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Basi hakuna, barabara yenyewe imejaa maji. Jirani mwenye baiskeli alimpakia mtoto nyuma, mama akamshikilia kwa upande akikimbia, mpaka hospitalini Kamenge. Daktari aliwaambia ni kidole tumbo, kwamba kilikuwa kimepasuka, kwamba wangemleta siku ya kwanza ingekuwa kazi ndogo. Walimpasua mchana ule ule. Alifariki siku mbili baadaye. Hospitali ile na shule yetu zinatenganishwa na mwendo wa mtu kutembea bila haraka. Kwa siku mbili hizo nilikuwa nyumbani kwangu, nafua mapazia.

"Imebaki moja," mama alisema. "Hii alifanya siku zote. Nyumbani, kwenye baiskeli, hata pale hospitali wakati alikuwa hana nguvu. Hii ndiyo ya mwisho."

Akainua kidole cha shahada, akagusa shavu lake mara mbili.

Alifanya tena, akadhani sikuona. Mara mbili, juu kidogo ya pembe ya mdomo, pale pale.

Ningeweza kusema: ni mimi. Alikuwa ananiita mimi, kwa sababu alijua mimi ningeelewa. Ndiyo ilikuwa maana yake, na mama yule alikuwa ametembea kutoka Buterere akiwa ameibeba alama hiyo kichwani kama mtu anavyobeba yai, ili nimpe maana yake. Nilifungua mdomo.

"Hiyo ni mama," nilisema. "Alikuwa anakuita wewe."

Alinitazama kwa makini. "Lakini mama mulitufundisha ni hivi," akaweka kiganja kifuani.

"Hiyo ni ya zamani. Kwenye tableti ni hivi."

Ndivyo nilivyosema. Nilijificha nyuma ya kitu kile kile. Na yeye akaamini, kwa kuwa alikuwa ameshathibitishiwa mara mbili kwamba tableti ina alama zake. Akagusa shavu lake. "Mama," alisema kwa sauti. Akagusa tena. Hapo ndipo alipolia, na mimi nikalia naye, na katika kulia kwangu kulikuwa na uoga mtupu.

Alipokwenda, mwenzangu alifunga mlango.

"Umemwambia nini?" aliuliza. "Ile ya mwisho. Aliifanya akilia, akajionyesha yeye mwenyewe."

Nilimwambia. Mikono yangu ilikuwa mizito kama imelowa.

Nilitegemea atanilaumu kwa tableti, kwa Jumamosi, kwa mikono ya watoto niliyoirekebisha. Hayo yote hakuyataja, wala hajayataja mpaka leo. Alisema tu: "Basi jina lile si lako tena. Umelitoa." Siku iliyofuata aliingia darasani kwangu akawaambia watoto wanitafutie jina lingine. Hawakuuliza sababu. Sasa naitwa kwa kuchora mstari mfupi kwenye paji la uso, kwa ajili ya mikunjo niliyo nayo hapo.

Kwa direkteri nilieleza yote isipokuwa lile la shavu. Alinisikiliza vizuri, ni mtu mwema. Mwishoni akavua miwani.

"Madamu, hii ya tumbo inauaka hata wenye kusikia," alisema. "Usijibebeshe."

"Mtoto alisema siku tatu, direkteri. Alisema wazi kabisa."

"Najua." Alivaa miwani. "Lakini hawa wa shirika tuwaandikie nini? Kwamba vitu vyao vinaua? Watachukua vyote, na mwaka ujao hatutapata hata chaki."

Ripoti ya mwisho wa mwaka niliiandika mimi. Niliweka sentensi moja kwamba alama za programu hazieleweki kwa wazazi, na kwamba jambo hili limeleta madhara makubwa. Ripoti ilipotoka sentensi haikuwamo. Sikuuliza. Sehemu ya kuvutiwa kwa wanafunzi ilibaki kama nilivyoijaza: sana.

Kiangazi kilipoingia, njia za Buterere zilipokauka, nilikwenda kumtafuta mama yule. Nilikuwa nimeamua kumwambia ukweli wa ile alama. Nilijifunza maneno yangu njia nzima, kwa Kiswahili na kwa Kirundi, nikijua hakuna hata moja linalofaa. Mwanamke mmoja aliyekuwa akianika mpunga alinionyesha nyumba: kuta mbili za matofali mabichi zilizobaki zimesimama, nyasi zimeota katikati.

"Aliondoka," aliniambia. "Alienda kwao, huko juu milimani. Na ule mutoto wake mwingine, mudogo, alibaki naye."

"Aliacha namba ya simu?"

"Apana. Simu yake iliingia maji." Alinitazama toka juu mpaka chini. "We ni nani kwake?"

Nilimwambia mimi ni mwalimu. Akatikisa kichwa, akaendelea kugeuza mpunga kwa mguu. Nilisimama pale kidogo, kisha nikarudi. Sijui kama nilisikitika kwamba sikumkuta. Nikijichunguza kwa haki, nadhani nilitembea kwa wepesi zaidi wakati wa kurudi, na hilo nalo nalichukia.

Miaka imepita tangu wakati huo. Masomo ya Jumamosi tumeyarudisha. Alama za darasani ni zile za mwenzangu tena, na tunazirekodi kwa simu yangu, yeye akiwa amesimama mbele ya shuka jeupe, mimi nikishika simu kwa mikono miwili isitikisike. Wazazi wenye simu zinazoweza, tunawatumia. Wasio nazo, tunawaomba waje. Wanakuja wachache, mara watatu, mara mmoja, kwa sababu mafuta bado ni shida na watu wana mashamba. Mzazi akisimama getini siku yoyote, kuna mtu wa kumfundisha alama mbili tatu kabla hajaondoka. Hiyo ni amri yangu, na naisimamia kwa ukali ambao walimu vijana hawauelewi.

Lakini nikisema kwamba watoto wanazipenda video zetu, nitakuwa naongeza uongo juu ya uongo. Wanapiga miayo. Mwenzangu amezeeka, anafanya alama polepole, shuka lina doa, hakuna nyota zinazomwagika. Watoto wanageuza uso. Nagonga meza, wanarudi, wanageuza tena.

Wiki iliyopita mvua ilinyesha tangu asubuhi. Mwenzangu alikuwa mgonjwa. Nilikuwa na watoto wa madarasa mawili katika chumba kimoja, na koo langu, ambalo hawalihitaji, lilikuwa linaniuma kwa sababu ya mafua. Msichana mmoja mpya, wa miaka saba, akaja mbele akaniuliza kama anaweza kucheza na yule mtu wa buluu. Wakubwa walikuwa wamemsimulia. Nilimwambia hapana. Akauliza tena. Darasa zima lilikuwa limeacha kunitazama, kila mmoja yuko na lake.

Tableti nne bado zinafanya kazi. Nilikwenda ofisini nikazileta, nikaziwasha, nikaziweka mezani. Wote wakasogea, wakaziinamia, na kwa saa nzima hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa. Nilikaa kwenye kiti changu. Nilipumzika.